Kutegemea Nguvu ya Mungu Siku za Kazi: Mwongozo kwa Mkristo wa Lubumbashi

Fundisho la kutegemea nguvu ya Mungu husikika Lubumbashi karibu kila Jumapili, katika Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo lililo katikati ya mji, katika hekalu la Yerusalemu la Wametodisti, na katika makanisa ya uamsho yanayokusanyika chini ya mabati kutoka Makutano hadi Kalubwe. Hata hivyo, mara nyingi fundisho hilo huishia kwenye kizingiti cha kanisa, kwa kuwa msikilizaji haelezwi alitumieje Jumatatu alfajiri, wakati bomba limekauka, umeme umekatika tangu jana, na mtoto wa sekondari amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani ada ya masomo, ambayo haijalipwa. Mwongozo huu unahusu Jumatatu hiyo na siku zinazoifuata. Unamkusudia Mkristo wa dhehebu lolote ambaye tayari anaamini kwamba Mungu anaweza, lakini hajui uwezo huo aungoje kwa namna gani, aombe nini, na kazi ipi ibaki mikononi mwake.

Nguvu ya Mungu, kama inavyoeleweka hapa, ni uwezo ambao kwa huo Mungu aliumba vyote, akamfufua Yesu Kristo kutoka kwa wafu, na anaendelea kuvitegemeza viumbe vyake kila saa. Uwezo huo hautengani na mapenzi yake, wala haugeuki kuwa mali ya mtu anayeuomba. Kuutegemea ni kupanga maisha kwa namna ambayo, kama Mungu asingekuwa mwaminifu, mpango wenyewe ungeporomoka. Kwa kipimo hicho watu wengi wanaosifiwa kwa imani kubwa bado hawajaanza kutegemea, kwa maana wanamwomba Mungu aubariki mpango ambao umekwisha kujengwa juu ya uongo wa ofisini, juu ya mjomba mwenye cheo, au juu ya hofu. Na wengine wanaojiona wana imani haba, kama mama anayeuza unga sokoni na kukataa kukibonyeza ndani kitako cha kopo ili kipimo kipungue, wameanza zamani, kwa sababu faida anayoiacha kila siku ni pengo ambalo ameamua Mungu alizibe.

Urithi wa posho

Mkazi wa Lubumbashi haji kwenye fundisho hili akiwa mtupu, maana mji wenyewe ulikwisha kumfundisha namna yake ya kutegemea. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ukakua kwa shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha polepole mtindo wa kuleta vibarua wa muda mfupi na kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao na watoto, ikiwapa nyumba, shule, matibabu na posho, yaani mgao wa chakula uliopimwa kulingana na idadi ya watu wa nyumba. Serikali ilipoitwaa kampuni mwaka 1967, na hatimaye ikaitwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea, na vizazi vikakua vikiiona kampuni kuwa ndiyo baba. Kisha, mwezi Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka; uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapisha mwaka 2001 kitabu kuhusu familia hizo, na jina la kitabu hicho linawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Jambo hili linahusu imani moja kwa moja. Mtu aliyelelewa kwa posho, au aliyezaliwa na wazazi waliolelewa hivyo, anaweza kumhamishia Mungu matarajio yale yale bila kujua: kwamba mwisho wa mwezi kitu fulani kitatolewa, kwamba kazi yake ni kujiandikisha na kufika kwenye mstari, na kwamba kisipotolewa basi baba amemwacha, hivyo imempasa kutafuta baba mwingine, yaani kanisa jingine, nabii mwingine, mlima mwingine wa maombi. Tofauti kati ya kampuni na Mungu haiko katika ukubwa wa ghala tu. Kampuni ilitoa ili mchimbaji azalishe, na shaba ilipokwisha kuleta faida, kutoa kukakoma. Mungu wa Injili alimwita mtu mwanawe kabla hajazalisha chochote. Tena kampuni ilimfikiria mfanyakazi katika kila jambo hata akazoea kutofikiria, ilhali Mungu wa Maandiko hufanya kinyume chake: kupitia nabii Elisha, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 4, anamwuliza mjane mwenye deni ana kitu gani nyumbani mwake, kisha anamtuma kwa majirani kuazima vyombo, na mafuta yanapoongezeka anamwambia akayauze yeye mwenyewe na kulipa deni lake.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kivitendo kwa anayetaka kutegemea ni kufanya hesabu ya vilivyomo nyumbani kabla ya kuomba kisichokuwamo. Hesabu hiyo iandikwe katika daftari: ujuzi uliopo, hata kama ni wa kushona au wa kuunga nyaya, watu wanaoweza kuombwa vyombo bila kuona haya, deni lote, pamoja na lile lililofichwa kwa mwenzi wa ndoa, na kilichobaki ghalani. Sala inayofuata baada ya hesabu hii huwa fupi zaidi na ya kweli zaidi, kwa sababu mwombaji anajua anaomba nini na amekwisha kuona kile ambacho Mungu alimpa tayari.

Nguvu haiwekwi akiba

Kuna urithi mwingine, mkongwe kuliko wa kampuni. Mwaka 1945 Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba, alichapisha Élisabethville kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwa watu aliowafahamu, kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba nguvu hiyo huongezeka na kupungua, hata kiumbe kimoja kikaweza kukiimarisha au kukidhoofisha kingine. Wanafalsafa wa Kiafrika, akiwamo Paulin Hountondji wa Benin, walimkosoa vikali kwa kuivika jamii nzima wazo moja kana kwamba hakuna mtu ndani yake anayefikiri peke yake, na ukosoaji huo ni wa haki. Lakini yeyote aliyehudhuria maombi ya ukombozi, yaani ibada za kuwafungua watu vifungo vya roho wabaya, atatambua kwamba wazo lenyewe halijafa: mchungaji husemwa kuwa na nguvu nyingi kuliko wenzake, adui husemwa kuwa ameinyonya nguvu ya mgonjwa, na sadaka nono husemwa kuwa itairudisha pamoja na ziada. Katika lugha hiyo, nguvu ni kitu kinachowekwa akiba, kuibwa na kununuliwa.

Maandiko yana kisa cha mtu aliyefikiri hivyo hasa. Simoni, mchawi wa Samaria anayetajwa katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, aliona kwamba watu wanampokea Roho Mtakatifu mitume wanapowawekea mikono, akaleta fedha ili auziwe uwezo huo; Petro alimkemea kwa ukali ambao mitume hawakuutumia kwa wadhambi wengi wabaya kuliko yeye. Sababu ya ukali huo ni kwamba Simoni hakuwa amekana nguvu ya Mungu. Aliiamini kabisa, ila aliitaka bila Mungu mwenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba Tempels mwenyewe hakuishia kwenye kitabu. Huko Kolwezi, katika miaka ya 1950, yeye na familia za wafanyakazi wa migodini walianzisha Jamaa, vuguvugu la Kikatoliki ambalo washiriki wake waliitana baba na mama, na ambalo mafundisho yake, yaliyotolewa kwa Kiswahili cha Katanga, yaliegemea mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Vuguvugu hilo lilipata matatizo yake na maaskofu baadaye, lakini lilikuwa limeona jambo ambalo bado lina faida, kwamba uzima unaotoka kwa Mungu hupokelewa katika kukutana, mume na mke, padre na waumini, jirani na jirani, wala haukai ndani ya mtu mmoja kama fedha ndani ya sanduku. Msomaji anaweza kujipima kwa njia hiyo. Baada ya wiki ya maombi na kufunga, atazame kama amezidi kusema ukweli na mwenzi wake, kama amewasamehe waliomdhulumu, kama watoto wanamkaribia bila woga. Ikiwa kilichoongezeka ni orodha ya maadui tu, basi alichokuwa akikiongeza wiki nzima hakikutoka kwa Mungu.

Miezi mitano na miaka thelathini

Mfano wa kutegemea nguvu ya Mungu ulio karibu zaidi na mkazi wa mji huu ni wa mtu ambaye hakuja kwa hiari yake. Mnamo 6 Aprili 1921, huko Nkamba katika Kongo ya Chini, Simon Kimbangu, katekista aliyelelewa katika misheni ya Wabaptisti wa Uingereza, alianza huduma ya kuhubiri na kuwaombea wagonjwa iliyowavuta watu kwa maelfu. Serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu ikajaribu kumkamata mwezi Juni. Alijificha, na mnamo 12 Septemba akajitokeza na kujisalimisha. Mnamo 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu viboko 120 na kifo, hukumu ambayo Mfalme Albert wa Kwanza aliibadilisha kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa Élisabethville, upande wa pili wa nchi, akafungwa humo mpaka alipofariki mnamo 12 Oktoba 1951. Kanisa lililozaliwa na huduma yake lilitambuliwa na serikali mnamo 24 Desemba 1959, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yapo mafundisho ya baadaye ya Kanisa hilo kumhusu Kimbangu ambayo makanisa mengine hayakubaliani nayo, na tofauti hiyo ni nzito. Lakini maisha ya mfungwa huyo yanaweza kumfundisha Mkristo yeyote.

Huduma yake ilidumu miezi mitano. Kifungo chake kilidumu miaka 30. Mahubiri mengi kumhusu hukaa kwenye ile miezi mitano, kwa sababu ndimo zilimo ishara, na kuipita miaka 30 kwa sentensi moja kana kwamba nguvu ya Mungu ilipumzika kuta za gereza zilipofungwa. Hesabu hiyo inafaa igeuzwe. Mungu ambaye, kwa imani ya waliokuwapo Nkamba, aliwainua wagonjwa, hakuliangusha gereza la Élisabethville. Wala mfungwa hakuitwa mwongo kwa sababu hiyo. Wakati huo huo Marie Mwilu, mke wake, alibaki kijijini akiwalea watoto wao watatu wa kiume na kuwatunza waumini kwa siri chini ya serikali iliyowafukuza na kuwahamisha, na ni vigumu kuonyesha katika habari hiyo yote mahali ambapo nguvu ilionekana wazi kuliko katika kazi ya mwanamke huyu, ambayo haikuwa na shangwe wala umati.

Mkristo wa Lubumbashi anayeuliza kama Mungu yuko pamoja naye, kwa kuwa miaka inapita na hali haibadiliki, anakaa katika mji ambamo mfungwa huyo aliishi na swali hilo kwa miaka 30. Mtume Paulo alilikuta pia, kama anavyosimulia katika sura ya 12 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, alipoomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini mwake na kujibiwa kwamba neema, yaani wema wa Mungu usiolipiwa, ilikuwa inamtosha, na kwamba uwezo wa Mungu hukamilika pale mtu anapokuwa dhaifu. Jibu hilo halimfundishi mtu kuyapenda mateso wala kuacha kuomba yaondolewe. Linamwonyesha mahali pa kuitafuta nguvu wakati yangali yapo.

Alfajiri, na saa za kazi

Anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani na bidoni mbili za lita 20, kabla foleni haijawa ndefu, hana saa nzima ya kupiga magoti, na hapaswi kuonwa wala kujiona mtu wa daraja la pili mbele ya wanaokesha kanisani. Katika karne ya 4 watawa wa jangwa la Misri, ambao kazi yao ilikuwa kusuka mikeka na vikapu, walizoea kurudia ombi moja fupi kutoka zaburi huku mikono ikisuka, hata sala na kazi zikaingiliana. Desturi hiyo inafaa kisimani, ndani ya basi na kwenye meza ya sokoni. Mkristo achague ombi moja la maneno machache la kuomba msaada, alitumie wiki nzima bila kulibadilisha, na alihusishe na jambo linalojirudia katika siku yake: kila anapofungua kufuli la duka, kila anapoinua bidoni, kila anaposhika kalamu kutia sahihi. Simu isifunguliwe kabla ya ombi la kwanza, kwa maana habari za usiku zikitangulia, hofu hupata neno la kwanza la siku.

Kisha kazi ifanywe. Nehemia, alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu na kutishiwa na maadui, alimwomba Mungu na kuweka walinzi usiku na mchana, na masimulizi ya sura ya 4 yanayaweka mambo hayo mawili pamoja bila kuona yanapingana. Anayeomba ulinzi wa Mungu aweke kitasa. Anayeomba kufaulu mtihani wa taifa asome. Mfanyabiashara anayeagiza unga wa mahindi kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, anayejua kwamba bei hupanda mavuno yanapokuwa mbali, anunue mapema kadiri mtaji unavyomruhusu, na aombe kwa ajili ya yale asiyoyaweza: mpaka kufungwa ghafla, lori kukwama, thamani ya faranga kushuka. Mstari kati ya anayoyaweza na asiyoyaweza hauko mahali pamoja siku zote, na kuutafuta kila asubuhi ni sehemu ya sala yenyewe. Shetani, katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo, alimtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake. Yesu alilikataa jambo hilo kwa kuwa lingekuwa kumjaribu Mungu, na kuacha wajibu ulio wazi kwa kisingizio cha imani ni kujitupa kwa namna hiyo hiyo.

Fedha

Mahali ambapo utegemezi hujulikana upesi ni pale fedha inapopita mkononi. Mwaka 1976, wakati wa utawala wa Mobutu, Askofu Mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi alitoa barua ya kichungaji yenye jina la Kifaransa Je suis un homme, akikemea rushwa na kuporomoka kwa maadili, na kumkumbusha Mkristo hadhi yake kama mtu aliyeumbwa na Mungu. Karibu nusu karne imepita, na karani aliyeajiriwa bado anajua jinsi matabishi, yaani kitu kidogo kinachotolewa ili faili lisogee, kinavyoingizwa ndani ya karatasi iliyokunjwa na kusukumwa mezani bila neno. Mshahara wake umechelewa, mwenye nyumba anamngoja, na fedha hiyo ingetosha kuwapeleka watoto shuleni kwa mwezi. Ikiwa yupo mahali ambapo nguvu ya Mungu inahitajika kwa dhati, ni katika sekunde zile ambazo mkono uko karibu na karatasi, na inasikitisha kwamba mahubiri juu ya nguvu huzungumzia mapepo kwa saa tatu bila kuifikia meza hiyo.

Kukataa peke yake ni kugumu, na mwongozo usiosema hivyo ungemdanganya msomaji. Karani huyo ajiandae kabla ya siku yenyewe: amweleze mwenzi wake uamuzi wake, ili nyumba yote ijue kwa nini fedha ni chache, atafute mfanyakazi mwenzake mmoja mwenye nia hiyo hiyo, aingie katika likelemba ya watu waaminifu, yaani kikundi ambacho kila mmoja huchanga kiasi sawa na kuchukua jumla kwa zamu, ili zamu yake iangukie mwezi wa minervali. Likelemba si upungufu wa imani. Ni majirani walioazimana vyombo, kama wale wa mjane wa Elisha.

Kuhusu sehemu ya kumi na sadaka ambazo baadhi ya wahubiri huziita mbegu, neno fupi linatosha. Mkristo atoe kwa furaha na kwa kadiri ya alivyojaliwa, wala asitoe kodi ya nyumba au fedha ya dawa kwa ahadi kwamba itarudi maradufu. Anayemdai mgonjwa fedha kabla ya kumwombea anarudia biashara ya Simoni, naye Mkristo ana haki ya kuondoka hapo bila kuogopa laana.

Ugonjwa na hofu ya uchawi

Katika Biblia, dawa na sala hazigombani. Isaya alimpelekea mfalme Hezekia neno la Mungu kwamba atapona, na papo hapo akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Yakobo anawataka wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Mtoto mwenye homa katika mji wenye malaria hupimwa siku hiyo hiyo, na anaombewa njiani kwenda zahanati. Anayemeza dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI haziachi kwa sababu mtu amemtangazia kuwa amepona. Akiamini amepona, arudi kwa daktari akapimwe, kwa kuwa uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Ushauri huu ufuatwe bila kulegezwa, kwa maana wapo waliozikwa kwa kuacha dawa, na waliowashauri hivyo walikuwa wakiita kifo hicho upungufu wa imani ya marehemu.

Liko jambo jingine ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Msiba unapofuatana na msiba, au biashara inapoanguka, familia hutafuta wa kulaumiwa, na katika miji ya Kongo lawama hiyo mara nyingi humwangukia mtoto: yatima aliyepokewa na shangazi, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, mkaidi. Hupelekwa kwa mtu anayejiita mchungaji, hufungwa, hunyimwa chakula, hupigwa hadi akiri kwamba yeye ni mchawi, kisha hujikuta barabarani. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumtuhumu mtoto uchawi. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, Mkristo anayedai kutegemea nguvu ya Mungu hawezi kumwogopa mtoto wa miaka saba anayelala mkekani pake. Hofu hiyo ni ushahidi kwamba nguvu anayoitegemea ni ndogo sana. Inampasa amchukue mtoto, ampe chakula, na awaambie wanaomtuhumu kwamba mtoto hatoki nyumbani humo. Kama hawezi kumlinda peke yake, awaendee Wasalesiani au masista wanaowapokea watoto wa mitaani, au huduma za kijamii za komuni, kabla ya usiku kuingia.

Jibu linapochelewa

Mkristo aliyeomba kwa miaka mingi bila kuona badiliko huambiwa mambo matatu ambayo hayamsaidii: kwamba hakuamini vya kutosha, kwamba kuna dhambi aliyoificha, au kwamba aongeze siku za kufunga. Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, alikataa kuwafanya wakosaji kuliko wengine. Na yeye mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, hakikumwepuka, akainuka na kuwaendea waliokuja kumkamata. Kitabu cha Zaburi kimejaa maombi ya watu wanaomlalamikia Mungu kwa ukali ambao makanisa mengi ya leo yasingeuvumilia kwenye kipaza sauti. Kulalamika mbele ya Mungu ni kumtegemea bado, kwa kuwa hakuna anayemlalamikia asiyemtarajia. Anayechoka kuomba kwa maneno yake asome zaburi ya 13 au ya 88 kwa sauti, polepole, kila jioni, na asijilazimishe kuimaliza kwa shangwe ambayo hana.

Daftari la mwanzo lifunguliwe tena mara moja kwa mwezi. Mwombaji aandike nini kimebadilika, nini hakijabadilika, na ombi lipi halimfai tena kwa sababu yeye mwenyewe amebadilika. Yapo maombi ambayo hugundulika kuwa yalijibiwa bila kutambuliwa, na yapo ambayo huachwa kwa amani. Yapo pia yatakayobaki kwenye ukurasa wa kwanza kwa miaka, nayo yaandikwe upya kila mwezi kwa mkono ule ule, bila kupunguzwa.

Wanaomzunguka mtu huyo nao wana kazi. Katika kilio, yaani siku za maombolezo, ndugu wa kanisani wasifike na maelezo ya kwa nini Mungu ameruhusu kifo, kwa kuwa rafiki za Ayubu walikaa naye vizuri siku saba kimya, na walipoanza kueleza ndipo walipokosea. Wafike na maji, unga na makala, yaani mkaa, wapike bukari, yaani ugali, waketi. Umati ukishaondoka, maana huondoka wote kwa pamoja, mmoja wao apange zamu kwa wiki zinazofuata: nani atapita Jumanne, nani atamsindikiza mjane kwenye ofisi inayoshika faili la mshahara wa marehemu, nani atamkalisha mtoto wa sekondari na vitabu vyake mwanga ungalipo.